Tangi la Choo Linavuja: Jua Kwanza Maji Yanakokwenda

Ankara ya maji ikipanda ghafla, watu huanza kumshuku msoma mita, kisha jirani, kisha watoto waliochezea bomba la nje wakati wa likizo. Choo hushukiwa mwisho kabisa, kwa sababu kinavuja kwa adabu. Maji yanatoka kwenye tangi, yanateleza ukutani mwa sinki la choo, yanaingia shimoni. Sakafu ni kavu, dari ya chini haijalowa, na mwenye nyumba anapita hapo kila siku asione kitu. Labda usiku, nyumba ikitulia, atasikia sauti ndogo kama ya mtu anayevuta hewa kwa meno. Tangi linajijaza tena, na hakuna aliyeflashi.

Nyumba nyingi zina dawa moja ya jambo hili: koki inafungwa, ndoo inawekwa pembeni, na kila anayetoka chooni anamwaga kwa kopo. Mwaka unapita hivyo. Dawa ya pili ni kumwita fundi, naye anafunua mfuniko, anachungulia kidogo, anatangaza kwamba seti nzima ya ndani imekufa na lazima inunuliwe mpya. Simlaumu sana. Kubadili seti nzima ni kazi isiyohitaji kuumiza kichwa, tena haimrudishi kwako kesho kusikiliza malalamiko. Ila mara nyingi kilichokufa ni raba moja inayoenea kiganjani, au hakuna kilichokufa, ni mchanga tu umenasa pahala. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote na kabla hujagusa nati yoyote, jua maji yanakwenda wapi. Ukishajua hilo, kazi iliyobaki ni ndogo kuliko unavyodhani.

Kwanza ondoa kinyaa. Maji yaliyomo kwenye tangi ni yaleyale ya bombani, bado hayajakutana na uchafu wowote wa choo. Ule weusi au ukahawia unaouona kwenye kuta za ndani ni kutu na tope lililoletwa na bomba. Nawa mikono ukimaliza, basi.

Ndani ya tangi mna vitu viwili vya kuvijua. Kimoja ni koki ya boya, inayoingiza maji: boya likipanda pamoja na maji, koki inafunga, likishuka, inafungua. Cha pili ni mlango wa kutolea maji, uliokaa chini katikati. Ukibonyeza kitufe au ukishusha mpini, mlango huo unanyanyuka, maji yanaporomoka sinkini, kisha unarudi kukaa juu ya tundu lake na kuziba kwa raba. Halafu kuna bomba fupi lililosimama wima, wazi kwa juu, ambalo mafundi huliita ovaflo. Kazi yake ni kuyapeleka maji sinkini pale tangi linapojaa kupita kiasi, yasije yakamwagika chumbani. Kwenye matangi ya kitufe, ovaflo na mlango huwa kitu kimoja, ile nguzo ya plastiki ya katikati.

Maji yana njia tatu tu za kupotelea: juu kupitia ovaflo, chini kupitia raba ya mlango, au nje kupitia viungio vya tangi lenyewe. Njia ya nje utaiona kwa macho. Za ndani zinakuchanganya, maana zote mbili huishia sinkini.

Penseli inazitenganisha. Chagua wakati ambao hakuna atakayehitaji choo kwa saa moja au mbili. Acha tangi lijae, funua mfuniko, chora mstari mdogo kwenye ukuta wa ndani pale maji yalipoishia. Kisha funga ile koki ndogo ya ukutani inayolisha tangi, uende zako. Ukirudi ukakuta maji yako palepale mstarini, mlango wa chini na raba yake ni wazima, na anayekuibia ni koki ya boya: haifungi sawasawa, maji yanapanda mpaka mdomo wa ovaflo na kumwagikia humo. Ukikuta yameshuka kidogo yakaishia usawa wa mdomo wa ovaflo, hukumu ni hiyohiyo. Yakiwa yameshuka sana na bado yanashuka, huku sakafu ni kavu, raba ya chini imechoka. Na yakishuka hadi kimo fulani kisha yakagoma hapo, kagua kwa makini tangi lenyewe usawa wa kimo hicho, ndani na nje. Kuna ufa, au kuna tundu la bolti.

Asiyetaka kungoja anaweza kutumia rangi ya keki. Matone machache kwenye tangi, koroga kwa kijiti, asiflashi mtu kwa nusu saa. Sinki likibadilika rangi, maji yanapita.

Tahadhari mbili kabla ya jaribio lolote. Mfuniko wa tangi la kitufe haunyanyuki hivi hivi, umeshikwa na kitufe chenyewe. Kwa matangi mengi, pete inayozunguka kitufe hufunguliwa kwa kuizungusha kinyume cha saa. Mengine yana skrubu iliyojificha chini ya kitufe. Usilazimishe. Ukishautoa, ulaze sakafuni juu ya taulo, mbali na miguu ya watu. Mfuniko wa kauri mara nyingi hauuzwi peke yake. Ukivunjika utazunguka Kariakoo nzima ukiambiwa ununue choo kizima. Tahadhari ya pili ni ile koki ndogo ya ukutani. Ikiwa haijaguswa tangu nyumba ijengwe, huenda imekwama, na anayeikaza kwa spana huivunja shingo, kisha anabaki amelishikilia bomba kwa kiganja huku akiwaita watu. Ikikataa kwa mkono, iache. Nenda kwenye koki kuu, ya mita au ya tenki la juu, ufunge huko, na hiyo ya ukutani uipange kubadilishwa.

Mstari wa penseli unakupa na hesabu ya bure. Chukua tangi ambalo ndani lina urefu wa sentimita 35 na upana wa sentimita 15: maji yakishuka sentimita 1, umepoteza kama nusu lita. Yakishuka sentimita 4 kwa saa, hizo ni lita 2. Kwa siku ni lita 48, na kwa mwezi ni lita 1,440. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo unalipia karibu uniti moja na nusu ya maji ambayo hayakuosha hata kikombe. Koki ya boya ikivuja inaweza kuwa mbaya zaidi. Kauzi kembamba kanakojaza chupa ya nusu lita kwa dakika 5 ni lita 144 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo 7 za lita 20, na kwa mwezi zaidi ya uniti 4.

Tuanze na koki ya boya, kwa kuwa ndiyo mkorofi mkubwa kwenye miji yetu yenye mgao. Maji yakikatika siku mbili kisha yakarudi, yanayotangulia ni mchanga, kutu na vipande vya magamba ya bomba. Hivyo vyote vinakwenda moja kwa moja kwenye tundu jembamba la koki na kukaa juu ya karaba kake kadogo. Karaba hakalali vizuri, maji hayafungi, na mwenye nyumba anaambiwa koki imekufa. Haijafa. Funga maji, flashi tangi lishuke, kisha fungua kofia ya koki. Zile za plastiki za siku hizi hufunguka kwa kuzungushwa kidogo tu, robo mzunguko hivi. Za shaba za zamani zina pini inayochomolewa. Toa karaba, kaoshe kwa maji safi, kapitishe kidole. Kakiwa na mfereji uliochimbwa katikati, kageuze upande wa pili kama umbo lake linaruhusu, uvute muda huku ukitafuta kapya. Kabla hujarudisha kofia, funika mdomo wa koki kwa kikombe kilichoinamishwa, mtu afungulie maji kidogo sana kwa sekunde mbili tatu. Utashangaa kitakachotoka. Nyingi zina pia kichujio kidogo pale mpira wa maji unapoingilia, nacho kisafishe. Na maji yakirudi baada ya mgao, yaache kwanza yatoke kwenye bomba la nje mpaka yawe meupe, ndipo ufungulie koki ya choo.

Kama karaba ni kazima, tazama kimo cha maji. Yanatakiwa kuishia sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa ovaflo. Koki ya kizamani yenye mkono wa shaba na tufe, unaukunja mkono taratibu uelekee chini, maji yataishia chini zaidi. Shika kwa mikono miwili ili nguvu isiiendee koki. Ya plastiki ina skrubu au kijiti cha kurekebisha. Litikise pia boya lenyewe: likigongagonga maji ndani limetoboka, halielei tena, na hapo hakuna ufundi isipokuwa kununua jingine.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni presha. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tenki la juu hayana nguvu nyingi: kila mita 10 za kimo hutoa presha ya karibu bar 1, kwa hiyo tenki lililo mita 3 juu ya choo linasukuma kwa bar 0.3 tu. Maji yanayotoka moja kwa moja mtaani yanaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya hiyo, hasa usiku wa manane watu wakiwa wamelala na mabomba yamefungwa. Kuna koki za boya zenye tundu pana, zilizotengenezwa kwa presha ndogo. Ukiziunganisha na maji ya mtaani hazihimili. Ndiyo maana kuna tangi linalotulia mchana kutwa kisha likaanza kupiga mluzi saa nane za usiku. Dukani sema maji yako yanatoka wapi. Muuzaji anayeelewa kazi yake atajua akupe ipi.

Sasa raba ya chini. Kwenye matangi ya kitufe, ile nguzo ya katikati unaishika, ukaizungusha robo kinyume cha saa, ikanyanyuka yote na kubakiza kitako chake chini. Chini ya nguzo utaona pete bapa ya raba au silikoni, laini, imevaa kama bangili. Hiyo ndiyo inayoziba. Ipitishe kidole polepole ukizunguka. Ikiwa inateleza kwa utelezi, ni ukungu na magamba; ikiwa ngumu, imepinda au ina alama ya mduara iliyozama, imechoka. Ivue kwa kidole, usitumie kisu. Ioshe kwa sabuni ya kawaida na kitambaa. Petroli na mafuta ya taa huvimbisha raba. Kisha, na hili wengi hulisahau, safisha kitako pale pete inapolalia. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi, na ya sehemu nyingi za bara yana chokaa. Huacha ukoko mweupe mgumu kwenye kitako, na pete mpya kabisa ikikalia ukoko huo itavuja siku hiyohiyo. Siki ya jikoni inaulainisha: lowesha kitambaa, kiweke juu ya kitako, kiache hapo nusu saa, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usikwangue kwa bisibisi, mkwaruzo mmoja ni mfereji wa maji.

Pete ikiwa bado laini, ivishe ikiwa imegeuzwa, upande uliokuwa juu uwe chini. Mara nyingi inaziba kwa miezi. Ikiwa imekwisha, nenda nayo dukani mkononi. Usiende na maelezo, usiende na picha ya simu. Pete hizi zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita. Wapo wauzaji watakaokwambia haiuzwi peke yake, nunua seti. Jaribu duka la pili na la tatu, hasa yale madogo yenye vikopo vya raba vimepangwa kaunta. Ukikosa kabisa, hapo nunua seti, na raba za ile ya zamani zilizo nzima uzitunze.

Matangi yenye mpini na mnyororo, ambayo huziba kwa kifuniko cha raba chenye bawaba, ni rahisi zaidi. Tazama mnyororo kwanza. Ukiwa mfupi unakishikilia kifuniko kisilale. Ukiwa mrefu unajikunja na kuingia chini yake. Uache ulegee kidogo tu. Kifuniko kikikuachia weusi vidoleni ukikishika, raba imeoza.

Kwenye nyumba za zamani zilizojengwa kwa mtindo wa Kiingereza utakutana na mtambo tofauti, sifoni, ambao hauna raba ya kuziba chini. Maji yanatakiwa kunyanyuliwa yapite juu ya kona ya bomba ndipo yatoke, hivyo sifoni isipovutwa haiwezi kutoa tone. Waingereza waliupenda kwa sababu hiyo. Sheria zao za maji ziliwalazimisha kuutumia hadi mwaka 2001. Ukiwa na sifoni na maji yanapotea, usihangaike chini, nenda moja kwa moja kwenye koki ya boya. Na ikiwa ni lazima uvute mara tatu nne ndipo choo kikubali, karatasi ya plastiki iliyo ndani ya sifoni imechanika. Fundi mzuri anaikata nyingine kwenye nailoni nene.

Uvujaji wa nje unaanza na kukausha. Futa kila kitu, tandika karatasi za chooni kavu sakafuni na kuzungushia viungio, kisha flashi na ungoje. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo shahidi. Kwa nyumba zetu zenye mpira wa kutawazia, mtazame huo kabla ya tangi. Kwa kawaida unachota maji kwenye koki ileile ya choo kupitia kiungio cha tii, na tone lake hutambaa chini ya tangi mpaka mtu akaapa kwamba tangi limepasuka. Viungio vya mipira hii huziba kwa karaba kaliko ndani ya nati. Ile tepu nyeupe ya bomba inayozungushwa kwenye meno haisaidii kitu hapo. Karaba kakichoka, hata ukimaliza tepu nzima maji yatadondoka.

Maji yakitoka katikati, tangi linapokutana na sinki, kila ukiflashi, tatizo ni raba nene iliyo kati yao. Yakidondoka muda wote kwenye bolti mbili, tatizo ni washa zake za raba. Katika hali zote mbili jaribu kwanza kukaza, na hapa ndipo vyoo vingi vinapovunjiwa. Kaza upande huu nusu mzunguko, hamia upande ule nusu mzunguko, kwa zamu, tangi likae sawa. Tumia spana ndogo kwa nguvu ya vidole. Ile spana ya kufungua kila saizi, ambayo mafundi wameipa jina lisilotamkika mbele ya wakwe, ina mpini mrefu na inakupa nguvu usiyoihitaji. Kauri haipindi, inapasuka. Ikiwa kukaza hakusaidii, toa maji yote kwa sponji, shusha tangi mkiwa wawili, badili raba na washa zote kwa pamoja kwa kuwa zimezeeka pamoja.

Kitu nisichokikubali ni saruji nyeupe au silikoni kupakwa kwa nje pale maji yanapotoka. Inaziba macho tu. Maji yatatafuta njia nyingine, na siku ya kubadili raba utalazimika kuichimba, huku ukiomba Mungu tangi lisipasuke. Tangi likiwa na ufa chini ya usawa wa maji, gundi ni ya kusubirishia mshahara. Panga kununua jingine, maana likiachia usiku, koki ya boya itafunguka yote na chumba kitajaa maji mpaka mtu aamke.

Kuhusu kinga, mambo machache. Vidonge vya klorini vinavyowekwa ndani ya tangi vinakausha na kuozesha raba zote. Kama unapenda harufu, tumia vile vya kuning'iniza sinkini. Tofali linalowekwa tangini kupunguza maji linamomonyoka, na changarawe zake huishia kwenye pete. Weka chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kufungwa, mahali ambapo haitagusa boya. Koki ya ukutani ifunge na kuifungua kila baada ya miezi michache isije ikaganda.

Kwa wapangaji wanaochangia mita moja, tangi linalovuja ni ugomvi zaidi kuliko ni maji. Ankara inagawanywa kwa vichwa, mwenye watoto wanne anatazamwa vibaya, kumbe choo cha asiye na mtoto ndicho kinachomwaga usiku kucha. Fanyeni jaribio la mita: usiku watu wakishalala, bila bomba lolote kufunguliwa, tazameni kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna mahali panavuja. Fungeni koki za vyoo moja baada ya nyingine mkikitazama. Kitakaposimama, mmekipata choo chenyewe. Mwiteni mwenye nyumba mkiwa na ushahidi huo, si na lawama. Vifaa vya ndani ya tangi vilivyochakaa kwa umri kwa kawaida ni juu yake isipokuwa mkataba unasema vingine, na ni rahisi kumwomba bei ya raba kuliko kumwomba asamehe ankara.

Na ukiamua kumwita fundi, hakuna aibu, lakini mwambie ulichokwisha kukijua: "Nilifunga koki saa mbili usiku, asubuhi maji yalikuwa yameshuka nusu tangi, sakafu kavu." Fundi akisikia hivyo hataanza kwa kutaja seti. Akimaliza, mwombe akuachie raba aliyoitoa, uchore mstari mpya wa penseli, ufunge koki, na umlipe salio maji yakiwa bado yako mstarini baada ya nusu saa. Muda huo ndio wa kumtengea chai.